Udongo wa moto kwa magoti ya mama: unasaidia wapi, na wapi usiupake kamwe

Swali limetoka kwa msomaji wa Muheza: "Mama yangu ana miaka 64. Magoti yanamsumbua mwaka wa sita sasa, na picha ilionyesha yamesagika. Anameza vidonge vya maumivu vya diklofenaki karibu kila siku, na ana presha na kisukari. Kuna mtu anauza udongo wa tiba mtandaoni, pakiti kumi kwa laki mbili na nusu. Anasema unavuta sumu, unarudisha ute wa goti na unaponya hata vidonda. Mama ana kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu, wiki ya tatu hii, ila hakimuumi. Je, udongo huu unafanya kazi? Naweza kuutengeneza mwenyewe nyumbani? Au nimpeleke kwenye maji ya moto ya Amboni?"

Dada yangu, pole kwa uuguzi. Nitakujibu yote, lakini nianze na kidonda, ingawa wewe umekitaja kwa kupitia tu.

Kidonda cha wiki tatu kwenye unyayo wa mtu mwenye kisukari ni cha kupelekwa hospitali leo, au kesho asubuhi kama umesoma hapa usiku. Usingoje tarehe ya kliniki. Na kule kutouma ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu kuanzia vidoleni kupanda juu, na huziba mishipa ya damu ya miguu. Mtu anakanyaga kidonda chake mwenyewe kutwa nzima na hana habari, damu ya kukiponya nayo haifiki ya kutosha. Kwa nje utaona tundu dogo, kumbe ndani kimeshafika kwenye mfupa. Wengi wanaokatwa vidole au mguu walianza hivihivi.

Udongo usikaribie kidonda hicho, uwe wa kuchimba au wa kununua. Ardhini kuna mbegu za bakteria wa pepopunda, na hao hustawi mahali pasipo na hewa, kama kwenye kina cha kidonda kilichofunikwa. Ndiyo sababu wakunga na manesi wamehangaika miaka mingi kuwasihi kina mama wasipake udongo wala majivu kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kiosheni kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, mkifunike kwa shashi safi, mama asikanyage kwa mguu ule zaidi ya inavyolazimu, kisha muende hospitali ya wilaya au ya mkoa, Bombo, Tanga. Mkifika, semeni neno "kisukari" mapema, ombeni miguu yote miwili ichunguzwe, na ulizeni kama chanjo yake ya pepopunda bado inamkinga.

Sasa magoti.

Tiba ya matope ina historia ndefu, na watu wenye akili zao wameitumia kwa karne nyingi. Kule Dax, kusini-magharibi mwa Ufaransa, wana hekaya ya askari wa Kirumi aliyemtupa mbwa wake mzee mwenye maumivu ya viungo kwenye mto Adour, akaenda vitani, na aliporudi akamkuta anarukaruka baada ya kulala kwenye matope ya moto ya ukingoni. Hekaya ni hekaya, lakini vituo vya tiba ya matope vya Dax vipo kweli hadi leo. Estonia, mwaka 1825, daktari Carl Abraham Hunnius alifungua nyumba ya matope ya bahari mjini Haapsalu baada ya kuona wenyeji wakijipaka kwa ajili ya maumivu ya viungo. Nampenda daktari huyo kwa hilo: aliwatazama watu wa kawaida kwanza, ndipo akajenga. India nako, Gandhi alikuwa mtetezi mkubwa wa udongo mbichi wa baridi juu ya tumbo, mazoea aliyoyapata akiwa Afrika Kusini kupitia mafundisho ya Mjerumani Adolf Just, na kliniki za tiba asilia za India zinaendelea nayo.

Ila tazama jinsi wanavyofanya pale wanapofanya kwa uhakika. Abano, kaskazini mwa Italia, matope huchotwa kwenye vijiziwa viwili vya jirani, Arquà na Lispida, kisha hulazwa kwenye mabwawa ya maji ya chemchemi yenye joto na madini kwa siku zipatazo 60. Humo hukua viumbe vidogo vya kijani vinavyobadilisha matope yenyewe. Mgonjwa huonwa na daktari kwanza. Hulazwa juu ya matope ya moto kwa robo saa hadi dakika 20, huogeshwa, hupumzishwa akitoka jasho, kisha hukandwa. Hufanyiwa hivyo mara 12 katika wiki mbili, na bima ya taifa ya Italia inachangia gharama. Ufaransa wao huenda siku 18 ndani ya wiki tatu. Ukilinganisha na pakiti ya mtandaoni yenye maelekezo ya mistari miwili, utaona ni vitu viwili tofauti vinavyotumia jina moja.

Matope yanafanya nini hasa? Kwa sehemu kubwa, yanabeba joto. Kila aliyepika uji mzito anajua: chai ya kikombe hicho hicho imeshapoa, lakini uji ukiutia mdomoni kwa pupa unakuunguza. Maji huzunguka yenyewe, ya moto yanapanda na ya baridi yanashuka, kwa hiyo joto linaisha haraka. Kwenye tope zito mzunguko huo haupo. Joto linatoka polepole, kutoka ndani kuja nje, kwa muda mrefu na kwa upole. Ndiyo maana ngozi inavumilia matope yenye nyuzi za juu kidogo kuliko maji. Joto hilo likiingia gotini, mishipa midogo ya damu inafunguka, misuli ya paja iliyokaza kwa kulinda goti inalegea, nyuzi zinazoshikilia kiungo zinanyumbuka zaidi, na hisia ya joto inayokwenda kwenye uti wa mgongo inabana njia ya hisia ya maumivu. Uzito wa tope lenyewe nao unatuliza. Mwanamke yeyote wa pwani aliyekandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua anaielewa nafuu hiyo mwilini mwake bila kufundishwa na mtu.

Je, kuna zaidi ya joto? Watafiti wa Uturuki walijaribu kulijibu hilo kwa njia nzuri sana mwaka 2008. Waliwafunga wagonjwa wa magoti matope yenye joto lile lile, kundi moja yakigusa ngozi, kundi jingine yakiwa yametenganishwa na ngozi kwa nailoni. Waliogusana na matope walipata nafuu zaidi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba madini hayana kazi kabisa. Lakini wa nailoni nao walipata nafuu, na hilo ndilo la kulishika kwa mtu mwenye pesa za kuhesabu: sehemu kubwa ya faida inapatikana kwa joto lenye unyevu, ambalo halihitaji udongo kutoka nchi yoyote.

Utafiti mkubwa ninaouheshimu ni wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 462 wa magoti yaliyosagika. Wote walifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani. Nusu yao, pamoja na mazoezi hayo, walikwenda wiki tatu kwenye vituo vya chemchemi wakapata matope, mikondo ya maji, kukandwa na mazoezi ya bwawani. Baada ya miezi 6, takriban nusu ya waliokwenda walikuwa na nafuu ya maana, dhidi ya kama theluthi moja na ushee ya waliobaki na mazoezi peke yake. Si haba. Lakini fikiria yaliyomo ndani ya tofauti hiyo: mtu ametoka nyumbani, hapiki, hafui, analala mchana, anakandwa, na anajua kabisa kwamba anatibiwa. Matope hayakuwa peke yake. Na hata hao waliopata mazoezi tu, mmoja kati ya watatu alipona kiasi cha kujisikia.

Kuhusu kuvuta sumu, muuzaji wako hasemi kweli. Takataka za mwili zinachujwa na figo na kusagwa na ini, na hazitoki kupitia ngozi ya goti. Udongo una sifa ya kunasa vitu kwenye chembe zake, hiyo ni kweli, lakini hunasa kile unachogusana nacho, yaani jasho na mafuta ya ngozi. Rangi ya tope ikibadilika baada ya kutumika, ni jasho na kukauka. Na kuhusu ute: kilicholika ndani ya goti ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, nayo haioti tena kwa kupakwa kitu nje, uwe udongo, mafuta ya nyonyo au krimu ya bei yoyote. Hata hivyo usikate tamaa kwa sababu ya picha. Kuna watu picha zao zinatisha na wanatembea hadi sokoni, na wengine picha nzuri lakini hawatoki kitandani. Kinachoamua zaidi ni nguvu ya misuli inayolizunguka goti.

Kuna kisa kimoja ambacho wauzaji wa udongo wa tiba hupenda kukitaja nusu. Mfaransa Line Brunet de Courssou alikuwa akiwahudumia wagonjwa wa kidonda cha Buruli, ugonjwa wa bakteria wanaokula ngozi, nchini Côte d'Ivoire, akiwapaka udongo wa kijani kutoka Ufaransa, na baadhi ya vidonda vibaya vikapona. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, wakaupeleka udongo huo maabara. Walichukua aina mbili za udongo wa kijani wa Ufaransa zilizokuwa karibu sawa kabisa kwa madini yake. Matokeo yao yalitoka mwaka 2008: mmoja uliua bakteria, wakiwemo wale wa Buruli. Wa pili uliwasaidia bakteria kukua. Kwa macho, kwa kugusa, hata kwa vipimo vya kawaida vya madini, huwezi kuutenganisha huu na ule. Mtu anayekuambia udongo wake "unaponya vidonda" inabidi kwanza akueleze anajuaje kwamba hakuuziwa ule wa pili.

Ndiyo maana sishauri kuchimba. Najua kichuguu kina sifa yake, na udongo wa mfinyanzi wa bondeni una ulaini wa kuvutia. Lakini udongo wa Muheza umepitiwa na mifugo, mbolea, dawa za mashamba na vyoo vya shimo. Una viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambao hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Ukitoka maeneo ya machimbo ya dhahabu kama Geita, unaweza kuwa na zebaki. Kuuanika juani hakutoshi. Kuuchemsha kunaua minyoo na bakteria wengi, lakini mbegu za pepopunda zinavumilia maji yanayochemka. Ili ziishe, udongo mkavu ungehitaji nyuzi 160 kwa saa mbili, au mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121 kama ule wanaosafishia vyombo vya upasuaji. Udongo wa pakiti nao si salama kwa sababu tu una lebo: mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya bidhaa mbili za udongo wa bentonaiti zilizokutwa na madini ya risasi kupita kiasi.

Kama moyo wako bado unataka udongo, tafuta unga wa kaolini (udongo mweupe laini) safi uliotengenezwa kwa matumizi ya dawa au vipodozi, kwenye duka la dawa linaloaminika. Tanzania tuna kaolini nyingi, vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam vinajulikana kwa hilo, lakini ule wa kiwandani wa kutengenezea vigae na rangi si wa kumpaka mtu. Omba wenye jina la mtengenezaji na tarehe.

Kabla hujampasha mama joto la aina yoyote, mpime hisia. Hili halirukwi, kwa sababu ya kisukari. Afumbe macho. Mguse kwa kipande cha pamba sehemu kama sita kuzunguka goti, wakati mwingine uguse na wakati mwingine usiguse, na aseme anaposikia. Kisha chukua vijiko viwili, kimoja kimetoka kwenye maji ya uvuguvugu, kingine kwenye maji ya baridi, mguse kwa zamu bila mpangilio, akuambie kipi ni kipi. Kwa wengi wenye kisukari ganzi inakaa kwenye nyayo na vidole, goti lina hisia zake kamili. Akikosea kwenye goti, basi hakuna matope, hakuna chupa ya maji ya moto, hakuna taulo la moto. Nimeona malengelenge makubwa kwa wazee waliokuwa wakisema "nasikia vizuri tu" huku ngozi inaiva.

Akifaulu, fanya hivi. Changanya unga na maji hadi tope lishikane bila kuchuruzika, kiasi cha kufunika goti kwa unene wa kama sentimita mbili. Lipashe ndani ya bakuli lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, ukikoroga, na si moja kwa moja jikoni wala kwenye maikrowevu, maana huko huachwa mabonge ya moto katikati. Pima kwa kipimajoto ukikiingiza hadi kati ya tope. Kwa mama yako iwe nyuzi 40, isizidi. Kiwiko chako kinasaidia kuhakikisha, lakini kisichukue nafasi ya kipimajoto. Litie tope kwenye mfuko wa kitambaa chembamba cha pamba, kipande cha khanga kuukuu kinafaa, uliweke juu na pembeni mwa goti, funika na nailoni, halafu taulo. Mama akae au alale, goti likiwa limekunjwa kidogo juu ya mto. Asililalie tope kwa uzito wake, maana ngozi iliyobanwa na joto huungua upesi.

Kaa naye. Baada ya dakika tano funua utazame. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani haraka, kwa hiyo tumia kiganja: ikiwa ngozi ni ya moto mno, ina mabaka, au mama anasema inachoma badala ya kupasha, toa. Muda ni dakika 15 hadi 20, na asisinzie. Safisha kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri hadi nyuma ya goti. Asiwe amepakwa dawa ya kuchua au jeli ya maumivu kabla ya joto. Joto huiingiza dawa kwa kasi na kuunguza. Tope hilo ni la mama peke yake, wala usilihifadhi ukalitumia wiki nzima.

Goti likiwa limevimba, lina moto wenyewe na linauma hata likitulia, acha kabisa. Huko si kusagika tu. Inaweza kuwa jongo au usaha ndani ya kiungo, hasa kukiwa na homa, na huyo ni wa daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kama shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, maana yawezekana ni damu iliyoganda.

Na sasa nifike kwenye kitu ninachokijali kuliko tope. Baada ya joto kuna kama nusu saa ambayo goti ni jepesi na maumivu yamepungua. Wengi hutumia nusu saa hiyo kulala. Hapo faida yote inapotea. Hiyo ndiyo nafasi ya mazoezi ambayo saa nyingine yangemuuma. Mama akiwa amelala chali, aweke taulo lililokunjwa chini ya goti na kulikandamiza taulo kwa goti, ahesabu hadi tano, aachie, mara kumi. Kisha mguu mmoja ukiwa umekunjwa, auinue ulionyooka kiasi cha shibiri mbili, aushushe polepole, mara kumi kila upande. Halafu akae kwenye kiti kigumu cha kimo kizuri, ainuke na kukaa bila kusukuma kwa mikono, mara tano, akizoea mara kumi. Hili la tatu ndilo mfalme, lakini lisubiri kidonda cha mguu kipone. Mawili ya kwanza anaweza kuyaanza sasa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si mabaya. Yakiendelea hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Fanyeni joto na mazoezi siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu. Kabla ya kuanza, mwulize mama jambo moja analotaka kulifanya, kama kwenda msikitini au sokoni kwa miguu, na mlitumie hilo kupima. Wiki tatu zikiisha bila badiliko lolote, acheni tope, mbaki na mazoezi. Na kama huna kaolini, taulo zito lililolowekwa kwenye maji ya moto, likakamuliwa vizuri na kufunikwa na nailoni, linafanya kazi hii. Unalibadilisha tu kila dakika tano linapopoa. Kwa nyumba nyingi ndilo ninalolipendekeza.

Yapo na mengine yanayoliumiza goti kila siku ambayo hakuna tope litakaloyafuta. Mtoe mama kwenye kibao cha mbuzi. Nazi akunie mtu mwingine, au mfunge mbuzi juu ya meza. Kigoda cha jikoni kipandishwe kimo. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Aswali kwa kukaa kwenye kiti, ruhusa hiyo ipo. Mkongojo aushike mkono wa upande ulio mkabala na goti linalouma zaidi. Wengi hushika upande uleule wa goti bovu na hawapati nafuu yake. Kama uzito umezidi, kila kilo moja inayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, na sukari na presha nazo zitashukuru.

Diklofenaki ya kila siku kwa mtu mwenye presha na kisukari inanisumbua karibu sawa na kidonda. Inapandisha presha, inachubua tumbo, na inachosha figo ambazo kisukari kinazishambulia tayari. Ikikutana na baadhi ya vidonge vya presha, mzigo kwa figo unaongezeka. Mtakapokwenda kwa ajili ya mguu, bebeni dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za kuchua na za miti shamba. Mwombe daktari apime figo, na mwulize kama mama anaweza kuhamia diklofenaki ya jeli ya kupaka gotini, ambayo kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Dawa za presha na sukari asiache hata siku moja, hata kama muuzaji wa udongo anadai tiba yake haichanganyiki na za hospitali. Anayekutaka uache dawa ili tiba yake ifanye kazi, usimsikilize.

Kwa hiyo laki mbili na nusu usizitoe. Pesa hizo nunua mashine ya kupimia sukari na vipimo vyake, na viatu vipana, vya ngozi laini, vyenye soli nene, visivyo na mshono wa ndani wa kumsugua. Kitakachobaki lipia kumwona mtaalamu wa fiziotherapia mara mbili au tatu, amwangalie mama anavyoinuka na kutembea na kumpangia mazoezi yake mwenyewe.

Kuhusu Amboni: kwa sasa hapana, kwa sababu ya kidonda. Maji ya chemchemi yanayoingiwa na watu wengi si ya kuingiza kidonda kilicho wazi. Kidonda kikishafunga, na daktari akakubali, sioni ubaya wa kwenda. Watu huenda mbali kwa ajili ya maji ya namna hiyo. Kule Kitagata, magharibi mwa Uganda, bwawa moja la maji ya moto wenyeji wameliita Mulago, kwa jina la hospitali kuu ya Kampala, kwa jinsi wanavyoliamini kwa maumivu ya viungo. Lakini mama asiwe wa kwanza kutia mguu majini. Tia wewe mkono, kwa sababu wewe una hisia. Kama huwezi kuuacha mkono wako humo dakika tano kwa raha, chota maji kwenye ndoo yapoe kwanza. Avae ndala hata ndani ya maji, akae robo saa tu, anywe maji ya kunywa ya kutosha, na anapotoka ainuke taratibu akiwa ameshikwa, kwani joto hushusha presha ghafla na mzee huanguka. Mkirudi nyumbani, kagua nyayo zake zote mbili na katikati ya vidole kabla hajavaa viatu.